Sakafu ya Moto na Barua ya Mwaka 1994



Juma lililopita mpwa wangu aliyeko Unguja aliniletea swali kwa simu. Baada ya shikamoo na marahaba akasema: "Mjomba, tunataka kupandisha tangi la maji la lita 2,000 juu ya paa la nyumba ya Malindi. Fundi anasema nyumba ni ya mawe, itachukua. Wewe umekaa na wahandisi miaka mingi, unasemaje?" Nikamwomba anipe siku chache. Alidhani nataka kufikiri. La kweli ni kwamba nilikuwa na deni la zamani katika nyumba ile, na sikuona vyema kulijibu swali lake kabla ya kulitaja deni langu. Ndiyo sababu ya waraka huu, ambao ni mrefu kuliko swali.

Kwanza mnijue kwa kadiri yangu. Mimi si mhandisi. Nilikuwa karani. Baada ya chuo cha Kurani, Kiarabu cha madrasa na skuli ya serikali hapo Unguja, nilivuka kwenda Maskati nikiwa kijana, na huko nikakaa miaka thelathini na mitano katika ofisi ya wakandarasi wa majenzi. Kazi yangu ilikuwa kunakili taarifa za kazi, kuandika barua kwa Kiarabu, na kutia katika daftari matokeo ya vipande vya zege vilivyovunjwa katika mashine baada ya siku 7 na baada ya siku 28. Lugha ya wahandisi niliijua kama karani wa kadhi anavyoijua fiqhi: kwa kusikia hukumu kila siku, bila ya kuwa na idhini ya kuitoa. Na hapo ndipo palipo hatari. Mtu asiyejua kitu huuliza. Aliyesikia nusu hujibu.

Sasa niko DeSoto, kusini ya Dallas, kwa binti yangu na mumewe. Ni mji wa majumba ya matofali yaliyotulia chini ya miti mikubwa, na mgeni akipita atadhani hakuna nyumba duniani zilizokaa imara kuliko hizi. Lakini chini ya nyasi zile kuna udongo mweusi uitwao Houston Black, nao hutajwa kuwa ndio udongo wa jimbo la Texas, kama nchi nyingine zinavyotajwa kwa ua au ndege. Ni udongo mfinyanzi wenye tabia ya sifongo. Ukinywa maji hufura, ukikauka hunywea na kupasuka, hata kiangazi kikiwa kikali unaweza kutia mkono wako katika ufa wa ardhi. Mwaka 2011, kabla sijafika huku, eneo la Dallas na Fort Worth lilipata siku 71 za joto la nyuzi 100 za Fahrenheit au zaidi, yaani kama 38 kwa hesabu yetu. Kila siku moja ya hizo ilikuwa ikiinyonya ardhi maji chini ya kingo za nyumba.

Na nyumba zenyewe hazina msingi wa mtaro kama tunaoujua sisi. Nyingi zimekaa juu ya jamvi moja la zege lililomwagwa juu ya ardhi, na zile za miaka ya karibuni jamvi lake hukazwa kwa kebo za chuma zilizovutwa ndani yake. Jamvi huelea juu ya udongo kama mashua juu ya maji, na ardhi ikifura upande mmoja na kunywea upande wa pili, mashua hupinda.

Ajabu ni kwamba mkienda kidogo upande wa magharibi, njia ya Cedar Hill, pale ambapo barabara imekata kilima, mtaona mwamba mweupe kama chokaa. Nao asili yake ni vijidudu vya bahari ya kale, kama mawe ya matumbawe tuliyojengea Mji Mkongwe. Siku ya kwanza kuuona nilimwomba mkwe wangu asimamishe gari, nikashuka kuugusa. Alinivumilia.

Yaliyotokea hapa nyumbani ni haya. Katika majira ya machipuo ya mwaka 2022 mlango wa chumba changu ulianza kukwama. Kisha ukaonekana ufa wa mshazari juu ya kona ya mlango wa jikoni, umeanza kama unywele na kupanuka kwenda juu. Nje, upande wa magharibi wenye mti mkubwa wa mwaloni, ufa mwingine ulipanda katika matofali kwa ngazi ngazi, ukifuata viungo vya udongo wa kujengea. Ilipofika Agosti mkwe wangu akampigia simu mtu wa kampuni mojawapo ya kutengeneza misingi, kwa sababu tangazo lake lilisema uchunguzi ni bure.

Alikuja kijana mwenye adabu na viatu safi. Alizunguka nyumba kwa muda wa dakika arubaini, akaweka chombo chake cha kupimia sakafuni mahali pengi, kisha akatandaza karatasi mezani. Nyumba, alisema, imezama kingo zake. Inahitaji nguzo 26 za kusukumiwa chini, kuizunguka yote, kwa dola 18,000. Na tukitia saini usiku ule ule, atapunguza dola 2,000.

Binti yangu alikuwa ameshaishika kalamu. Nikamwambia kwa Kiswahili: "Mwanangu, ngoja. Huyu ndiye daktari na huyu huyu ndiye muuza dawa." Mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Mombasa na mwepesi wa kuona haya mbele ya mgeni, alisema taratibu, "Baba, mtu amekuja na jua hili." Nikamjibu kuwa tutampa sharubati. Tukampa, akaenda zake, na karatasi ikabaki bila ya saini.

Sikufanya hivyo kwa elimu. Nilifanya kwa mazoea ya ofisi. Katika miaka yangu yote ya Maskati sikuwahi kuona hesabu ya kazi ikipitishwa na yule yule atakayelipwa kwa kazi hiyo. Na baadaye nilikuja kufahamu jambo ambalo wengi wetu tuliohamia huku hatulijui: katika jimbo la Texas, anayetengeneza misingi ya nyumba hahitaji leseni ya jimbo kwa kazi hiyo, ilhali mhandisi hawezi kujiita mhandisi mbele ya umma bila ya kusajiliwa na bodi. Jina lake linaweza kutazamwa na mtu yeyote katika orodha ya bodi hiyo, na ripoti yake hupigwa muhuri wenye jina na nambari yake. Sheria hiyo ilizaliwa katika msiba. Tarehe 18 Machi 1937 gesi iliyovuja chini ya skuli moja huko New London, mashariki ya Texas, ililipuka na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto, na mwaka ule ule bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwasajili wahandisi. Kwa hiyo ninapouona ule muhuri siuoni kuwa ni urasimu.

Tulimwita mhandisi kwa ada ya dola 700. Alikuja mama wa makamo, kofia ya majani kichwani, akatumia saa mbili na nusu, na katika saa hizo nusu nzima ilikuwa ya maswali. Nilikaa naye kama nilivyokuwa nikikaa na mabwana zangu wa zamani, daftari mkononi. Aliuliza nyumba ilijengwa lini. Aliuliza mlango upi ulikwama mwanzo, na mwezi gani. Je, mlango hukwama mwaka mzima au hufunguka mvua zikija? Nani aliupanda mwaloni, na ulikuwa na kimo gani mlipoinunua nyumba? Maji ya paa yanamwagikia wapi? Mmewahi kubadilisha bomba lolote? Kisha akauliza la mwisho, ambalo lilinifanya nisimame: "Bili ya maji imepanda?"

Ndugu zangu, mimi ndiye mtunza bili wa nyumba hii. Hakuna aliyenituma, ila karani hawezi kuona karatasi imelala bila ya faili. Nikaleta jalada. Tangu mwezi wa Februari maji yalikuwa yamepanda kila mwezi, na gesi nayo, wala hatukuongeza mtu. Nilikuwa nimezipanga karatasi zile kwa tarehe, vizuri kabisa, bila ya kuzisoma.

Akauliza kama kuna mahali sakafu ina joto. Hapo nikataka ardhi inimeze. Kwa miezi kadhaa, nikitoka kutia udhu kwa ajili ya sala ya alfajiri, miguu mitupu, nilikuwa nikipita mahali fulani karibu na mlango wa jikoni ambapo vigae vilikuwa na uvuguvugu mzuri. Nikidhani ni neema ya nyumba. Mara nyingine nilisimama hapo kidogo kwa makusudi, kwa sababu ya mifupa yangu.

Lilikuwa bomba la maji ya moto limetoboka chini ya jamvi. Udongo wa katikati ulikuwa umeyanywa maji hayo kwa miezi saba na kufura, ukaunyanyua moyo wa nyumba, ilhali kingo zilikuwa zikikauka kwa kiangazi. Yule kijana alipima sawasawa, vipimo vyake havikuwa vya uongo. Aliona kingo ziko chini kuliko katikati, akasema kingo zimezama. Hakuuliza kama ni katikati iliyopanda. Lau tungetia saini, tungezinyanyua kingo zote kwa nguzo 26 zifikie kivimbe, kisha udongo wa katikati ungekauka na kushuka, na nyumba ikabaki imening'inia pembezoni kama chandarua.

Mama yule alinieleza kipimo kinachotumika sana huku, kilichomo katika mwongozo wa wahandisi wa ujenzi wa Texas, nami nawapa kwa sababu ni rahisi kukishika: jamvi lisipinde zaidi ya sehemu moja kwa 360 ya urefu wake. Futi 30 ni inchi 360, basi kwa futi 30 usipite inchi 1. Kwetu palipinda inchi moja na robo tatu. "Hata hivyo," alisema, "usiitibu nyumba ingali na homa." Ushauri wake ulikuwa bomba litengenezwe, udongo uachwe mpaka upate utulivu, na sakafu ipimwe tena baada ya miezi sita au zaidi. Bomba jipya lilipitishwa juu darini. Aprili 2023 akarudi kupima. Katikati palikuwa pameshuka kiasi cha inchi moja bila ya nguzo hata moja, milango ikafunguka, na upande wa mwaloni tu ndio uliohitaji nguzo sita.

Tangu hapo jamaa wa Kiafrika Mashariki waliotuzunguka wamenifanya mufti wa nyufa. Mimi huwajibu yale tu ambayo hayahitaji muhuri. Maji ya milizamu yasimwagike ukutani. Ardhi ishuke kutoka nyumbani, inchi 6 katika futi 10 za mwanzo. Kiangazi zungusha mpira wa maji wenye vitundu kwa umbali wa futi moja au moja na nusu kutoka ukutani, kidogo kidogo na pande zote, maana kuloweka upande mmoja na kuacha mwingine ni kutengeneza ugonjwa kwa mkono wako. Usipande mti mkubwa karibu na ukuta, kwani unywaji wake hauna adabu. Yupo ndugu mmoja wa Houston aliyetaka kuvunja ukuta kati ya jiko na sebule kwa nyundo yake mwenyewe siku ya Jumamosi, kwa kuwa aliona katika televisheni ukuta ukiondoka kwa dakika ishirini. Huyo nilimwambia apande darini kwanza atazame nini kimeukalia ukuta ule, kisha asiamini alichokiona, amwite mwenye muhuri. Alinuna. Ukuta ungalipo.

Haya basi, twendeni Malindi.

Wengi wenu vijana mmeizaliwa nyumba ile bila ya kujua kwa nini vyumba vyake ni virefu na vyembamba kama mashua. Sababu ni boriti. Dari zetu zilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko ulionyooka hauchukui uzito wa sakafu ya mawe na chokaa zaidi ya kama mita tatu. Basi upana wa chumba uliamuliwa na mti, si na mwenye nyumba, awe tajiri au maskini. Babu wa baba yangu, aliyetoka Sur, alikuwa akija na kaskazi na kurudi na kusi, na shehena yake ya kurudi ilikuwa ni boriti za Rufiji, zikihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, zikipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kwa sababu hiyo nilipoingia mara ya kwanza katika nyumba kongwe ya jamaa zetu huko Sur, nilitembea gizani bila ya kugonga ukuta. Chumba kilikuwa na upana wa chumba chetu. Miti yake ilitoka mtoni pamoja.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe na udongo uliochanganywa na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi. Si ukuta wa nguvu kwa maana ya zege. Ni ukuta wa uzito na subira. Hunyonya maji ya masika na kuyatoa pole pole kiangazi, na chokaa iliyopakwa juu yake huruhusu pumzi hiyo. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta huo. Ukuta ukipumua, ncha hukaa kavu. Ukuta ukizibwa pua, ncha huoza, na mchwa huwa hawahitaji barua ya mwaliko.

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka thelathini na mitano, na mshahara wangu wa Maskati ulikuwa umenipa sauti kubwa katika ukoo. Niliporudi likizo niliiona nyumba yetu imebabuka usoni, plasta inamwagika kama unga, nikaona haya. Nilituma fedha ipigwe saruji mbele na nyuma, na vyoo vya juu vitiwe zege na vigae. Mwashi wa mtaa wetu, mzee aliyeijua nyumba ile tangu ujana wake, alikataa kazi. Dada yangu akaniandikia kuwa mzee anasema chokaa na saruji hazipatani, na kama fedha ipo, inunuliwe chokaa iliyolala shimoni miezi, apewe vijana wawili, ataikamilisha kwa mwaka mmoja.

Nilijibu kwa barua. Karani huweka nakala, na nakala hiyo ya kaboni ninayo hapa DeSoto. Nimeitoa juma hili katika faili lake. Niliandika kwamba mzee yule ni mtu wa zamani asiyejua vifaa vya kisasa. Niliandika kwamba mimi nafanya kazi na wahandisi, na kwamba saruji ninayoijua mimi huvunjwa kwa mashine baada ya siku 28 na haivunjiki kwa urahisi. Yote hayo yalikuwa kweli. Hakuna mhandisi hata mmoja niliyemuuliza, na walikuwa wamekaa chumba cha pili, kikombe cha kahawa na hatua kumi kutoka meza yangu.

Nyumba ikang'aa. Watu walinisifu. Miaka mitano, kumi, hapakuonekana kitu, ila weupe wa chumvi uliojitokeza chini ya madirisha na harufu ya unyevu katika chumba cha juu cha uani, tuliyoifukuza kwa udi. Katika masika ya 2019, usiku, sakafu ya chumba hicho ikaporomoka yote hadi chini, kilo maelfu za chokaa na mawe, juu ya kitanda cha mpwa wangu huyu huyu anayeuliza habari ya tangi. Yeye alikuwa amekwenda arusini Pemba na bahari ilichafuka, akakosa boti ya kurudi. Dada yangu alinambia kwa simu neno moja tu, "Kimeanguka," kisha akalia. Boriti zilipotolewa, za katikati zilikuwa ngumu kama siku zilipotoka Rufiji. Ncha zake zilikuwa unga mweusi, unauchota kwa kijiko.

Katika ukoo ilisemwa kuwa ni mvua, na kuwa ni mchwa, na kuwa ni kadari. Mimi nilikaa kimya, na kimya changu kilikubaliwa kuwa ni huzuni. Yule mwashi alikuwa ameshafariki zamani, hata radhi sikuweza kumtaka. Dada yangu barua ile anayo sandukuni kwake na hajapata kunitajia hata siku moja. Basi naitaja mwenyewe.

Miezi ishirini baadaye, tarehe 25 Disemba 2020, upande mmoja wa Beit al-Ajaib ulianguka mchana, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, na watu wawili wakafa. Jengo lile alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma ambazo sisi watoto tulizizunguka kwa mbio, lililoiona mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 likabaki limesimama. Nilitazama picha zake hapa DeSoto katika simu ya mjukuu wangu. Akaniuliza, "Babu, unalia kwa sababu ya nyumba?" Nikamwambia ndiyo.

Sasa mpwa wangu, swali lako. Lita 2,000 za maji ni kilo 2,000, tani mbili, mbali na tangi lenyewe. Ni kama watu ishirini na wanane wenye kilo sabini wamesimama pamoja katika nafasi ya mkeka mmoja, usiku na mchana, wala hawaendi nyumbani. Boriti zako zilipangwa kubeba sakafu yake na harusi ya mara moja moja. Na tangi la juu huvuja, hata likiwa jipya. Huvuja kwenye kiungo cha bomba, tone moja moja, ndani ya ukuta, mahali asipopaona mtu. Fundi wako amesema nyumba ni ya mawe. Lakini mawe ni kuta. Kinachobeba ni miti, na ncha za miti hiyo zimo katika ukuta nilioufunga mimi pua kwa saruji. Wewe umeziona za chumba kimoja. Za vyumba vingine hujaziona, wala mimi.

Kwa hiyo sitakujibu "itachukua" wala "haitachukua". Niliwahi kujibu swali la nyumba ile mara moja kutoka mbali. Nitakwambia la kufanya. Tangi liwekwe chini uani, juu ya jukwaa lake, lisikae karibu na ukuta, na maji yapandishwe kwa pampu. Kabla ya choo chochote kipya cha juu, nendeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe; kibali chao mnakihitaji hata hivyo, na huko wapo watu wanaoijua chokaa. Mhandisi afungue ukuta mahali patatu, kwenye ncha za boriti, atazame kwa macho yake. Ada yake nitalipa mimi. Saruji ya mbele ibanduliwe pole pole, kipande kwa kipande, na ipakwe chokaa. Hiyo nayo nitailipa kadiri ya pensheni yangu, kila mwezi, na msinishukuru.

Na wakati mnangoja, fungueni daftari. Hili najua kulifundisha. Kila ufa upewe nambari. Mwisho wake wekeni alama ya penseli na tarehe, juu na chini, na pimeni upana wake mahali pale pale kila mwanzo wa mwezi, kabla ya masika na baada yake. Gundisheni kipande chembamba cha kioo kikipita juu ya ufa. Ufa ukitembea, kioo huvunjika, wala hakina sababu ya kukudanganya. Ufa mkongwe uliotulia ni kama kovu. Ufa unaopanuka unataka kusikilizwa leo. Mlango ukianza kukwama, andikeni mwezi. Harufu ya unyevu, andikeni chumba. Bili zisomwe.

Mimi ninalo la kwangu. Ufa nambari 3, kona ya mlango wa jikoni, DeSoto: Agosti 2022, milimita 6, Aprili 2023, milimita 2, umebaki hapo tangu wakati huo. Sakafu karibu na jiko siku hizi ni baridi alfajiri, na mifupa inalalamika.

Jana usiku nilimsomea mpwa wangu waraka huu kwa simu kabla ya kuuleta kwenu. Alisikiliza mpaka mwisho, barua ya 1994 na yote. Kukawa kimya muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Mjomba, tangi tumeshalinunua." Akaniletea picha. Limelala uani ubavu wake, jeusi, tupu, na paka wa dada yangu amejikunja kivulini mwake. Mhandisi anakuja Alhamisi.